Mchumaji Akianguka Mkarafuuni: Mfanye Nini Mpaka Afike Hospitali

Msimwinue. Natamani neno hili liwe linajulikana katika kila kambi ya wachumaji kabla mtu wa kwanza hajapanda mti. Mtu akianguka, wenzake kwa huruma zao humshika kwapani, wakamkalisha, wakamfuta vumbi, wakampa maji, wakamwambia ajaribu kusimama ili nyoyo zao zitulie. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura hapa Pemba, na msimu wa karafuu ukishika, watu walioanguka tunawapokea sana. Wengine wanafika na maumivu waliyopewa na mti, na juu yake maumivu waliyopewa na sisi: shingo iliyopinda wakati wa kunyanyuliwa, mguu uliovutwa "urudi pahala pake", mapafu yaliyoingia maziwa kwa sababu mgonjwa alinyweshwa hali fahamu hana.

Ninaloandika hapa ni la muda ule baina ya shina la mti na mlango wa hospitali. Muda huo sisi wa hospitali hatupo. Mpo nyinyi, na mnaweza kufanya mengi kwa mikono mitupu na kanga mbili.

Mkarafuu mnaujua kuliko mimi. Ukikua unafika mita 15 na kupindukia, tawi lake hukatika bila kutoa ishara, na karafuu zenyewe zinakaa nchani kabisa. Mvua ikinyesha, gome linateleza. Kwa hesabu za hospitali, mtu mzima aliyeanguka zaidi ya mita tatu anachukuliwa kuwa ameumia vibaya mpaka apimwe na kuonekana yu salama, hata kama anacheka. Mita tatu ni kimo cha paa la nyumba ya kawaida, na wachumaji wetu huwa juu zaidi ya hapo mara mbili na tatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Huku kwetu mtu anaangukia shambani, mbali na barabara, na anayemfikia kwanza hajafundishwa la kufanya.

Aliyeanguka huuawa na mambo matatu, na kila moja lina saa yake. Pumzi ikiziba, ni dakika. Damu ikivuja, ni dakika mpaka masaa. Ubongo ukivimba au damu ikikusanyika ndani ya fuvu, ni masaa mpaka siku. Mfupa wa mkono uliochomoza unatisha macho, lakini mara nyingi sio unaoua. Basi fuateni mpango huo huo: pumzi, damu, kichwa na uti wa mgongo, kisha mifupa mingine.

Kabla ya kumgusa

Tazameni juu kwanza. Tawi lililokatika nusu linaweza kuwa bado linaning'inia, au ngazi haijakaa sawa. Kama kuna mwenzenu bado yuko mtini, ashuke taratibu. Hofu humwangusha na wa pili.

Mtu mmoja awe msemaji. Si lazima awe mkubwa wa kambi, awe yule mwenye kichwa kilichotulia. Yeye ndiye atakayesema nani ashike kichwa, nani apige simu, nani akimbilie gari na nani aende kumwarifu sheha na jamaa. Watu kumi wakitoa amri kumi, mgonjwa huvutwa huku na huku. Waliobaki wasogee nyuma, wampe hewa na nafasi.

Anayemwendea mgonjwa apite upande wa miguu yake, aonekane. Ukimwita kutoka ubavuni atageuza shingo kukutazama. Mwambie: "Ndugu yangu, usigeuke, usiinuke, nijibu kwa mdomo tu." Muulize jina lake na nini kimetokea. Akijibu vizuri kwa sentensi iliyotimia, umeshajua mengi: njia ya hewa iko wazi, kifua kinafanya kazi, na ubongo kwa sasa unapata damu. Tazama saa yako na uandike saa aliyoanguka. Andika kwa kalamu juu ya ngozi ya mkono wake kama karatasi hakuna. Nitaeleza mbele kwa nini saa hiyo ina thamani.

Kushika kichwa

Mwenye mikono iliyotulia apige magoti nyuma ya utosi wa mgonjwa, viwiko avitulize juu ya mapaja yake au ardhini, kisha ashike kichwa pande zote mbili kwa viganja, vidole vimetandazwa kuelekea taya. Asivute wala asisukume. Kazi yake ni kukifanya kichwa kisicheze, pua ielekee mbinguni sawa na kitovu. Masikio yasizibwe, mgonjwa apate kusikia anayoambiwa. Kama shingo imekaa upande, na ukijaribu kuinyoosha analalamika au unaona inagoma, iache vile vile ilivyo. Mshika kichwa hatoki mpaka mwingine amepokea, au mpaka wamefika hospitali. Nimeona vijana waliokishika kichwa cha mwenzao nyuma ya keri, gari dogo la mizigo, kutoka shamba mpaka kwetu, mikono imekufa ganzi, na hawakuachia. Hao ninawaombea dua mpaka leo.

Pumzi

Kama hajibu, sikiliza. Mkoromo, au sauti ya maji yanayotokota kooni, maana yake ulimi umeanguka nyuma au kinywa kimejaa damu. Usimwekee mto. Mto hukunja shingo na kuziba njia ya hewa, na bado naona watu wanafika na shuka zimekunjwa chini ya kisogo. Weka vidole vyako nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, kisha sukuma taya lije mbele, bila kuinua kichwa. Utasikia mkoromo unakatika. Ukiona damu, jino au tembe za karafuu mdomoni, toa unachokiona tu. Usichokore koo kwa kidole.

Akitapika, mgeuzeni ubavu mara moja, mwili mzima kwa pamoja kama gogo: mmoja kichwani, mmoja begani, mmoja nyongani, mmoja miguuni, na wa kichwani ndiye anayehesabu. Na kama umesukuma taya na bado hewa haipiti, inua kidevu kidogo kidogo mpaka ipite. Shingo tunaihifadhi, lakini mtu asiyepumua hana cha kuhifadhiwa.

Kama hapumui kabisa na hana dalili yoyote ya uhai, anzeni kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita tano, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane. Kwa aliyeanguka nafasi ni ndogo, lakini ipo.

Damu inayoonekana

Hii ndiyo rahisi, na ndiyo tunayoiharibu kwa dawa zetu. Jeraha linalovuja damu lataka mgandamizo: kitambaa safi, kiganja juu yake, uzito wa mwili wako, na usifunue kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kahawa, majivu, majani yaliyotafunwa, udongo, visiwekwe. Damu haisimami, na uchafu huo tunakuja kuuosha wakati mgonjwa angekuwa ameshashonwa.

Kama ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kugandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, upana wa vidole vitatu vinne, usiwe uzi wala waya. Tia kijiti kwenye fundo, kizungushe mpaka damu isimame, kifunge kijiti kisirudi nyuma. Andika saa. Usilegeze njiani "kuipa damu nafasi". Hospitali ndio watakaolegeza.

Kijiti au kisiki kikiwa kimemchoma kikabaki mwilini, kibaki hapo hapo. Kikateni kwa nje kama ni kirefu, mkizungushie nguo kisitikisike. Kinaweza kuwa ndicho kilichoziba mshipa.

Damu isiyoonekana

Hapa nawaomba mnisome pole pole, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapokufa mbele ya macho ya watu wanaosema "mbona hata damu hakutoka".

Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja na zaidi inaweza kumwagikia ndani ya paja lenyewe. Nyonga ikivunjika, lita mbili na zaidi. Kifua kinameza, tumbo linameza. Ardhini hamtaona hata tone.

Mtakachoona ni haya: ngozi ya baridi na yenye jasho wakati jua linachoma, viganja na ndani ya kope vimepauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, pumzi za haraka haraka, kiu kali, wahka, hataki kutulia, anataka kuinuka, anatukana watu ambao hajawahi kuwatukana. Watu husema kapandwa na hasira, au na shetani. Mara nyingi ni ubongo unaokosa damu. Bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Kwa mtu mwenye joto la kawaida wekundu hurudi mara moja. Ukikawia zaidi ya sekunde mbili tatu, ana hatari.

Kijana mwenye afya anadanganya. Mwili wake hubana mishipa ukashikilia mapigo na maneno kwa muda mrefu, kisha unaachia ghafla. Akiwa anazungumza saa ya kwanza, msipunguze mwendo wa kutafuta gari.

Kuna dalili moja inayowapita wengi. Mtu aliyepigwa na tawi au aliyeangukia ubavu wa kushoto anaweza kulalamikia bega la kushoto, na bega lenyewe halina alama wala halikugonga popote. Damu kutoka kwenye bandama, wengine huiita wengu, ikigusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu husikika begani. Mwambie daktari neno hilo hilo: "Analalamikia bega la kushoto, na bega halikuumia."

Kufunga nyonga kwa kanga

Kama ameanguka kutoka juu na analalamikia nyonga, kinena au kiuno cha chini, au hana fahamu za kueleza, mfungeni nyonga. Msiibonyeze wala kuitikisa kuona kama imevunjika; bonge la damu lililoanza kuganda linaachia. Msimsimamishe kuona kama anaweza.

Chukua kanga moja, ikunje kwa urefu wake mpaka ibaki upana wa shibiri moja. Ipitishe chini ya magoti, pale penye uwazi, kisha ivuteni watu wawili, mmoja kila upande, kidogo kidogo kwenda juu mpaka ifike pahala pake. Pahala penyewe ni pale penye vifundo vya mfupa pembeni mwa paja juu kabisa, usawa wa kinena, ambapo kifundo cha mkono wako hugusa ukisimama umeteremsha mikono. Wengi hufunga kiunoni, anapovalia mkanda. Huko juu kanga haisaidii, na inaweza kuifungua zaidi mifupa ya chini. Kaza pande mbili kwa pamoja, funga fundo mbele, halafu kanga ya pili funga magoti yote mawili pamoja na vifundo vya miguu pamoja, vidole vya miguu vikielekea juu. Hilo peke yake hupunguza uwazi ambao damu inajaa. Ikishafungwa, haifunguliwi mpaka mbele ya daktari.

Aliyetua kwa miguu

Kuna wanaoanguka wima, wakatua kwa nyayo, na wakajiona wana bahati. Nguvu ile haipotei. Inapanda kisiginoni, gotini, nyongani, mpaka uti wa mgongo wa kiunoni. Takriban mtu mmoja katika kila kumi waliovunjika kisigino kwa kuanguka huwa amevunjika na pingili ya mgongo. Kwa hiyo visigino vikivimba, mlazeni chali mumbebe kama aliyeumia mgongo, hata kama mgongo hautaji.

Muulize kama anasikia ukimgusa vidole vya miguu na vya mikono, kila upande. Mwambie avichezeshe. Jibu mnaloliona shambani liandikwe pamoja na saa. Akiwa alikuwa anachezesha vidole shambani na amefika hospitali hawezi tena, daktari anahitaji kujua hivyo kuliko anavyohitaji kujua alikuwa juu ya tawi gani.

Kumbeba

Mlango, ubao mpana, au kitanda chenye mbao kinafaa. Kitanda cha kamba kilichobonyea kinakunja mgongo. Kama ndicho pekee, wekeni mbao juu yake. Mtoeni mifukoni simu, funguo, kisu na kila kigumu. Asiyesikia miguu yake hasikii funguo inayomkandamiza, na kidonda cha mgandamizo huanza ndani ya masaa machache.

Watu wanne au watano. Wa kichwani anahesabu moja, mbili, tatu, na kwa tatu wote wanamgeuza kwa pamoja kuelekea kwao. Ubao unasukumwa mgongoni, kisha anarudishwa juu yake kwa hesabu ile ile. Tumieni nafasi hiyo kuutazama mgongo wake haraka: jeraha, uvimbe, kitu kilichochoma. Mfungeni kifuani, nyongani na magotini kwa kanga au shuka, na pande mbili za kichwa wekeni shuka zilizoviringishwa. Kichwa kisifungwe kabla ya mwili kufungwa, kwani mwili ukiteleza shingo ndiyo itakayobeba uzito wote. Kifua kisibanwe hata ashindwe kuvuta pumzi.

Bodaboda ndiyo inayonihuzunisha kuliko usafiri wote. Mgonjwa anawekwa katikati, mmoja mbele, mmoja nyuma anamkumbatia, kichwa kinacheza kwa kila shimo. Kama ana shingo iliyovunjika bila uti kukatika, safari hiyo inaweza kuukata. Afadhali abebwe na watu juu ya mlango mpaka barabarani, au gari la ng'ombe lililotandikwa makuti na godoro likienda taratibu, kisha keri au gari lolote lenye sakafu ndefu. Dereva aendeshe kwa ulaini kwenye njia ya vumbi na mashimo, kisha afidie muda kwenye lami.

Ubaguzi ni mmoja. Kama pumzi inaziba na hamuwezi kuifungua, au damu haisimami, usafiri uliopo ndio unaotumika, hata ukiwa mbaya. Aliyetulia na anayepumua vizuri anaweza kungoja gari linalofaa linalokuja. Anayezama hangoji.

Mfunikeni. Nguo zilizolowa mvua au jasho zitolewe, awekewe kavu juu na chini. Watu hushangaa ninapotaka blanketi mchana, lakini mwili unaopoteza damu unapoa, na damu iliyopoa haigandi. Vile vile asinywe wala asile kitu, si maji, si maziwa, si asali. Huenda akaingia chumba cha upasuaji, na tumbo lililojaa hutapika usingizini. Kiu ikimsumbua, mlowesheni midomo kwa kitambaa.

Wapi, na kwa nini saa ile iandikwe

Pigeni simu kabla hamjaondoka. Namba ya hospitali iliyo karibu na namba ya mtu mwenye gari ziwe zimeshaandikwa kwenye simu zaidi ya moja kambini tangu siku ya kwanza ya kuchuma. Shambani mawasiliano hukatika, na simu ya aliyeanguka huwa imevunjika. Semeni: "Tunamleta mtu ameanguka mkarafuuni, urefu kadhaa, hana fahamu," au ana fahamu. Tunatayarisha kitanda, tunamwita mpasuaji, tunaita maabara ya damu. Mgonjwa aliyetangaziwa anapokewa mlangoni.

Kituo cha afya kikiwa njiani, simameni kama pumzi au damu imewashinda. Kama hali inaruhusu, pitilizeni mpaka penye upasuaji, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, kwa kadiri ya mliko.

Sasa saa. Mwaka 2010 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uitwao CRASH-2, uliofanywa katika nchi 40 kwa majeruhi zaidi ya 20,000. Ulionyesha kuwa dawa ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, huokoa maisha ya wanaovuja damu ikitolewa mapema, na bora zaidi ndani ya saa ya kwanza. Yakipita masaa matatu tangu kuumia, faida inapotea na dawa yenyewe inaweza kudhuru. Ninaposimama na sindano mkononi nikauliza "ameanguka saa ngapi?", na watu sita wakanipa majibu sita, siwezi kuamua vizuri. Saa mliyoiandika kwenye ngozi yake inaamua.

Pamoja na saa, aje mtu mmoja aliyeshuhudia. Mama anayelia mlangoni tunamheshimu, lakini hakuona. Tunataka kujua: alikuwa juu kiasi gani, alipiga matawi njiani au alishuka moja kwa moja, aliangukia nini, alitua kwa upande gani, alipoteza fahamu au hapana na kwa muda gani, alitapika mara ngapi, na kama aliona kizunguzungu kabla ya kuanguka. Kizunguzungu kabla ya kuanguka huenda ni sukari, kifafa au moyo, na hayo nayo yanatibiwa. Tajeni pia dawa anazotumia, khasa za kuyeyusha damu, na mwambieni daktari kama ni mwanamke mjamzito.

Jamaa wengine waje wawe tayari kutoa damu. Awe na miaka 18 mpaka 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, hajaumwa karibuni. Chupa moja ni mililita 450 hivi, na aliyevunjika nyonga anaweza kuhitaji kadhaa. Akiba yetu ya damu ni watu, hakuna kiwanda.

Aliyezinduka akazungumza

Kijana anaanguka, anazimia kidogo, anazinduka, anaomba sigara, anataka kurudi kambini. Watu wanashukuru. Baada ya masaa kichwa kinamuuma sana, anatapika, anasinzia, na wenzake wanasema mwacheni apumzike. Inawezekana mshipa uliopita chini ya mfupa wa panja umepasuka, na damu inakusanyika baina ya fuvu na utando wa ubongo. Akiwahishwa kwa mpasuaji wa ubongo, hupona vizuri kuliko wagonjwa wengi wa kichwa. Akiachwa alale, haamki.

Kwa hiyo aliyepoteza fahamu hata kidogo apelekwe hospitali akapimwe. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, maji mepesi au damu ikitoka sikioni au puani, weusi ukijitokeza kuzunguka macho au nyuma ya masikio, degedege, maneno yasiyopangika, upande mmoja wa mwili kulegea: hizo ni za kukimbia nazo. Sikio linalotoa maji lisizibwe kwa pamba. Hapa wengine hulazimika kuvushwa kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, kuliko na kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Jamaa wakikubali mapema, tunapata muda wa kupanga ndege au boti.

Waunga mifupa

Wazee wetu wanaounga mifupa siwadharau, na wapo waliosaidia mikono ya watoto. Ombi langu kwao na kwa jamaa ni la mpangilio: aliyeanguka kutoka juu apite hospitali kwanza. Mfupa unangoja, bandama haingoji. Na mtu asichuliwe mgongo, nyonga wala tumbo kwa mafuta, hata kwa upole.

Na akifungwa vijiti popote pale, tazameni vidole. Vikiwa vya baridi, vya buluu au vimepauka, vikifa ganzi, au maumivu yakawa makali kuliko yalivyokuwa kabla ya kufungwa na yakazidi ukimnyoosha vidole, fungueni saa hiyo hiyo mumlete. Misuli iliyokosa damu kwa masaa sita hairudi sawasawa. Nimewauguza watoto waliokatwa mkono kwa kufungwa kukaza, na mfupa wenyewe ungepona.

Akirudishwa nyumbani

Akiruhusiwa baada ya kugonga kichwa, siku ya kwanza asilale peke yake. Aamshwe usiku, ataje jina lake na la aliyemwamsha. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, au akawa mgumu kuamka, mrudisheni usiku huo huo, msingoje alfajiri.

Aliyeumia tumbo na akaruhusiwa anaweza kuanza kuvuja upya baada ya siku kadhaa, khasa bandama. Asipande mti, asibebe polo, asicheze mpira mpaka daktari aseme. Akianguka kwa kizunguzungu, tumbo likikaza, au akapauka, ni hospitali.

Aliyevunjika uti akabaki kitandani ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Pangeni zamu nyumbani, muibandike ukutani, na kila anayegeuza atazame matako, visigino na mgongo kama kuna wekundu usioondoka ukibonyezwa. Mkiuona, upande huo usilaliwe mpaka uondoke, na muuguzi wa kituo cha karibu aitwe auone ungali wekundu.